Infirmier Alisema Uzazi

"Mama, munganga anasema hivi: batakutosha uzazi, bataiondosha," Constantin alisema, na akapanguza mikono ku blouse yake nyeupe ya kazi sawa muntu ule anamaliza kazi.

Alphonsine alikuwa analala ku kitanda ya karibu na dirisha, bitambaa bingi chini yake, na vile damu ilikuwa inapita, hakuna muntu alikuwa anajifanya haoni. Munganga alikuwa anasimama nyuma ya Constantin, muzungu moya murefu, macho yanachoka. Swahili yake ilikuwa paka "jambo" na "inauma", hakuna ingine. Yeye alisema ku français, neno ile ya mu vitabu, na Constantin, infirmier, musaidizi wa munganga, njo alipeleka mu Swahili. Lakini Constantin ni muntu wa Kinshasa. Lingala njo luga yake. Swahili aliokota mu njia za Likasi, sawa vile bantu banaokota misumari.

Mwanamuke mwingine wa camp ya bantu ya kazi angesikia ile neno, angecheka. Angemuambia: "Kizazi, weye! Shi unataka kusema kizazi?" Juu kizazi njo ile nyama ya mu tumbo, kule mutoto analala. Uzazi ni kintu ingine. Uzazi ni kuzala kwenyewe. Lakini Alphonsine alikuwa mama wa Jamaa. Bantu ya Jamaa ni bakatolike, bwana na bibi, banaingia paka wawili wawili, na wawili bengine njo banabafundisha mpaka siku banasema: sasa tumebazala. Pale mu Jamaa, uzima, uzazi na mapendo ni mawazo tatu ya Mungu mwenyewe. Kila siku ya mafundisho Alphonsine alisikia bile maneno, na yeye pia alibisema mbele ya bantu, mikono ku magoti.

"Uzazi yangu?" aliuliza.

"Ee. Yote. Na mbiombio. Kuko kivimbe mule, kinakunywa damu yako."

"Hapana."

"Hapana namna gani?"

"Kivimbe mutoshe. Uzazi, muntu hawezi kutosha. Si muntu aliitia."

Constantin aligeuka. "Elle refuse," anakatala, aliambia munganga.

Munganga alisema maneno murefu sana. Alionyesha bitambaa, alionyesha tumbo, alionyesha mpaka dirisha. Alphonsine alingoya.

"Anasema utakufa," Constantin alisema.

*

Philippe, bwana yake, alikuwa anatumika ku usine ya shaba ya Shituru, mu electrolyse, pale asidi inakula nguo mbele muntu hajaizoea. Alifika ku lopitali na salopette ya kazi, matundu ku magoti, na zamu, mulinzi wa mulango, akamuangalia toka chini mpaka yulu.

"Saa ya bagonjwa inaisha. Na utaingia vile na bile bisiki ya viatu?"

"Mi natoka ku kazi, yaya. Bibi yangu iko mule."

"Kila muntu iko na bibi mule. Vua."

Aliingia muguu tupu. Ciment ilikuwa baridi. Constantin alimukamata mu couloir, pale bantu banangoya ku banc, bamama na bana yabo, na mutoto moya analia juu ya sindano ya mwingine.

"Weye njo bwana ya ule mama? Bon. Kuya utie sinyature, kesho bamupasule. Bibi yako iko na kichwa nguvu."

"Ningeongea naye kwanza."

"Kuongea ya nini? Weye njo bwana. Hapa si ku ndoa."

"Siye tuko Jamaa," Philippe alisema pole pole. "Bwana na bibi tuko wazo moya. Siwezi kutia jina peke yangu."

Constantin akapiga mikono. "Bantu, musikie! Huyu baba anaenda kuomba ruhusa ku bibi yake kama anaweza kumuponyesha!"

Banc yote ikacheka. Muzee moya alisema, "Hata mi naombaka, lakini ni ya kunywa pombe," na kucheka ikazidi. Philippe alicheka nabo kidogo. Angefanya nini? Viatu alikuwa anashika mu mukono.

Alphonsine alisikia yote, mulango ulikuwa wazi. Kitanda ya pembeni kulikuwa mama Kadidja, bibi ya chauffeur moya wa malori, muislamu, kichwa inafungwa kitambaa ya bulu. Kadidja alijifanya analala.

"Unakula?" Philippe aliuliza vile aliingia.

"Walileta bukari ya bunga ya muhindi. Haipite."

"Munganga anasema..."

"Nilisikia munganga. Nataka kusikia weye."

Philippe alikaa ku pembeni ya kitanda, akaangalia miguu yake. Kile alikuwa nacho mu roho kilikuwa kifupi: batoshe, batoshe leo, nataka urudie ku nyumba. Kilifika mpaka ku meno.

"Yangu njo yako," alisema.

"Sema yako, Philippe."

"Njo ile. Wazo moya."

Alphonsine alifunga macho. Aliyua bwana yake. Na aliyua vilevile maisha ile ya mbele. Balioana, mutoto hakukuya. Na dawa ya miti hakukuya, na novena, sala ya siku tisa, hakukuya. Ku robine ya camp, bamama balikuwa banamuuliza, "Alphonsine, unafua ya nani? Hata kitambaa ya mutoto hauna?" na balicheka na maji inajaa mu ndoo. Halafu baba Joachim na mama Philomène bakabakamata, bakabafundisha, bakabazala mu Jamaa. Na babo pia, Philippe na Alphonsine, bakazala: famille moya iliyoenda Kolwezi, na ingine iko Koni, pale banatosha courant ya umeme. Bantu bakubwa, na ndevu, banaingia ku mulango na kusema "mama, jambo yako". Sasa balikuwa banafundisha Benoît na Gertrude. Kulibakia kidogo tu, babazale.

"Kama banatosha," Alphonsine alisema, macho bado inafungwa, "Benoît na Gertrude tutabazala na nini?"

Philippe aliweka viatu yake chini ya kitanda.

*

Kesho yake kulikuwa défilé. Mukubwa moya wa parti alikuwa anapita Likasi, na bantu ya usine bote walipaswa kusimama ku bord ya barabara na kuimba. Philippe alienda kuona Evariste, chef d'équipe yake.

"Chef, bibi yangu iko ku lopitali. Anatoka damu."

"Atakufa leo?"

"Siyui, chef."

"Kama hauyui, si leo. Simama pale na bengine. Nikikuachilia weye, kesho bataniuliza juu ya nini mustari yangu iko na tundu." Evariste hakuwa muntu mubaya. Alimupatia nafasi pa kivuli ya poteau ya umeme, na alimupatia drapeau, bendera ya kartasi.

Basi Philippe alisimama. Jua ilipanda. Bamama ya animation balicheza, balikatisha, balicheza tena juu mukubwa alikuwa anakawia. Muntu wa nyuma yake alisema pole pole, "Ule kama hafike, tutakuwa bukari ya kukauka." Philippe alikuwa anafikiri bitambaa. Jana mama sœur wa lopitali alisema bitambaa ya salle inapunguka, famille ilete yao. Na ku nyumba kulibakia drap moya ya kitanda, ile ya ndoa.

Voitures zikapita. Vioo inafungwa, nyeusi. Hakuna muntu aliona muntu. Bantu bakapiga makofi, na mavumbi ikabaingia mu kinywa.

Halafu Philippe alitembea, alipita ku nyumba kukamata ile drap, na akaenda moya kwa moya kwa baba Joachim.

*

Joachim alikuwa wa chemin de fer, kazi ya treni, mafuta ya machine haikutoka tena mu makucha yake. Alikuwa anakaa ku mulango. Mama Philomène alikuwa ndani ya lupango ya nyumba, anatwanga majani ya sombe.

"Baba, balisema batatosha uzazi ya Alphonsine. Anakatala. Mi siyui tena."

Joachim alinyoosha mugongo, sawa vile anafanya mbele ya mafundisho. "Mwanangu, uzazi ni neno ya namna gani? Tuanzie pale. Mbele ya dunia kuwa, Mungu alikuwa na wazo..."

"Baba, leo hapana mafundisho. Mi nakuomba. Damu inapita mu matelas ya kitanda."

Muchi wa Philomène ulisimama.

"Nani alisema uzazi?" Philomène aliuliza.

"Infirmier."

"Muntu wa wapi?"

"Kinshasa."

"Aa, ule! Alitaka kusema kizazi."

"Nilimuambia Alphonsine vile. Anasema uzazi ao kizazi, ni moya. Kwenye kizazi haiko, uzazi itakaa wapi?"

Philomène aliweka muchi chini. Alinawa mikono mu beseni, pole pole, mpaka rangi ya sombe inatoka. Alivuta liputa ku kamba, akajifunga.

"Philo," Joachim alisema, "unaenda wapi?"

"Unayua kwenye ninaenda."

"Tulisikilizana hatutasema. Siye wawili. Mbele ya Mungu."

"Tulisikilizana siku hakukuwa muntu wa kufa, Joachim."

Joachim aliangalia Philippe, halafu aliangalia makucha yake. "Basi enda," alisema. Ilikuwa sauti ya muntu ule banamuvua nguo mbele ya bantu.

*

Ku lopitali, zamu hakumuvua Philomène viatu. Alimuangalia tu vile anatembea na akafungua.

Alikaa pa kitanda ya Alphonsine bila kusema jambo. Philippe alibakia ku mulango na drap yake mu mukono.

"Mi kizazi shina," Philomène alisema.

Alphonsine alifungua macho.

"Balinitoshaka kule Kolwezi, mbele ya siye kuhamia hapa. Mutoto yangu wa mwisho aliharibu mambo, alikufa, na bamunganga bakapasula. Joachim anayua, munganga anayua, na Mungu. Sasa na weye."

"Kolwezi? Mbele ya kutuzala?"

"Mbele."

"Kwa hiyo ile siku ulitia mukono ku kichwa yangu ukasema leo nimekuzala..."

"Hakukuwa kintu mu tumbo yangu. Paka kovu."

Mama Kadidja aligeuka ku kitanda yake. "Mama, mi shisikilize," alisema, "lakini nasikia. Mi balinitoshaka kidole ya muguu, na sala yangu inafika paka kule kule ilikuwa inafikaka."

"Kidole si kizazi, mama Kadidja," Alphonsine alisema.

"Mi nilisema vile juu ya kusema tu."

Alphonsine alijaribu kuinuka, akashindwa, akasema vile analala. Sauti yake haikuwa mukubwa, lakini Philippe hakumusikiaka na sauti ile.

"Kila juma ulisimama mbele yetu. Uzazi, uzazi. Na mi nilikuwa nakuangalia tumbo, mama, weye uko na bana bakubwa, nikasema: uyu njo mama wa kweli, mi niko wa kusaidiwa tu. Unayua mara ngapi nilirudia ku nyumba nikalia? Na weye uliyua. Ungesema neno moya, ningekaa muzuri miaka yote ile."

"Niliona haya."

"Ulitudanganya."

"Sikudanganya. Nilinyamaza."

"Ni moya."

"Labda ni moya." Philomène alikuwa analia, lakini hakupanguza. "Lakini angalia weye mwenyewe. Ulitokea wapi? Kama uzazi yangu balitosha na ile nyama, weye ulizaliwa na nani? Bale wa Koni, bale wa Kolwezi, balitokea wapi?"

"Siyui," Alphonsine alisema. "Leo siyui hata mi niko nani." Akageukia ukuta.

Philomène alisimama, alinyoosha kitambaa ku miguu ya mugonjwa, na alitoka. Mu couloir alimuambia Philippe, "Niliharibu, ao nilitengeneza, siyui." Alikuwa muzee kuliko vile aliingia.

*

Philippe alitia drap ya ndoa chini ya bibi yake. Ilikuwa na maua ya rose ku pembeni. Ikaanza kushika damu pale pale.

"Philippe."

"Niko."

"Sema yako. Yangu wacha."

"Batoshe," alisema. "Hata kama hautanisemesha tena. Batoshe. Nilitaka kusema ile tangu siku ya kwanza."

"Juu ya nini haukusema?"

"Niliogopa tutakuwa mawazo mbili."

Alphonsine alicheka, ao alikohoa. "Tulikuwa mbili tangu siku ya kwanza, kumbe. Na mi nilikuwa nakufa peke yangu mu wazo moya." Akapumuzika. "Bote munanyamaza. Weye, Philomène, Joachim. Bantu ya kusema, na hakuna muntu anasema. Ita ule muntu wa Kinshasa."

Constantin alikuya na kalamu ku sikio.

"Mutatosha kizazi," Alphonsine alimuambia. "Unasikia? Ki-za-zi. Uzazi, musiguse."

Constantin aliangalia Philippe, akaangalia mama Kadidja, kuona nani angemusaidia.

"Mwanangu, sema ee," Kadidja alimuambia.

"Ee, mama. Kizazi." Na akaenda mu couloir kumuambia munganga, anakubali: "Elle accepte."

*

Balimupasula, na alipona. Si mbio. Homa ilimukamata, ikamuachilia, ikarudia. Alikonda, pete ya ndoa ilikuwa inazunguka ku kidole sawa kintu ya kuazima. Ku camp neno ilifika mbele yake: bamama ya robine balisema Alphonsine balimupanguza ndani sawa sufuria.

Joachim alikuya kumuona. Alikaa mbali kidogo, kofia ku magoti, na mafundisho hakufanya.

"Mwanangu," alisema, "Benoît na Gertrude bataulizana. Weye useme balitosha kivimbe. Ni kweli vilevile. Kivimbe balitosha."

"Njo vile mulisemaka, baba?"

Joachim aligeuza kofia. "Njo vile."

"Na ilibasaidia?"

Philippe, ule alikuwa anamulisha bibi uji, alisema, "Alphonse," juu njo vile anamuitaka ku nyumba, "muzee anasema muzuri. Kivimbe. Inatosha. Hawa ni bana badogo mu Jamaa, bataogopa. Bakitukimbia, tutaanzia wapi tena?"

"Siyui," Alphonsine alisema. "Uji inahitaji chumvi."

Siku ya Mungu, Benoît na Gertrude bakakuya, nguo ya misa, Gertrude na mutoto ku mugongo na ndizi mu kitunga. Benoît alikuwa mécanicien mudogo, anacheka mbio, lakini siku ile hakucheka. Balisalimia, baliweka ndizi. Gertrude hakuwa muntu wa kuzunguka neno.

"Mama, ku robine banakusema. Banasema balikutosha kizazi. Mi niligombana nabo. Niliambia mama Pauline uongo yake irudie ku kinywa yake. Alinimwangia maji."

Philippe aliangalia bibi yake na macho ya kuomba: kivimbe, sema kivimbe. Mama Kadidja alianza kuhesabu tasbihi yake, lakini shanga hazikuendelea.

"Utamuomba mama Pauline samahani," Alphonsine alisema.

"Namna gani?"

"Hakudanganya. Balitosha. Mu hii tumbo, mutoto hatalala hata siku moya, mpaka banizike. Mulikuwa munataka kuyua. Njo ile."

Mutoto ku mugongo alikamata sikio ya Gertrude, na yeye hakuona. Benoît aliangalia ndizi.

"Na mu Jamaa?" Gertrude aliuliza. "Nani atatuzala sasa?"

"Siye, kama munataka. Uzazi haikuwa pale balipasula. Mi naamini vile." Angeweza kusema: mama Philomène pia. Neno moya, na Gertrude angeamini pale pale. Lakini ile haikuwa neno yake ya kutoa. "Leo naamini vile," alisema. "Jana sikuamini. Kesho siyui. Sitaki kubadanganya. Kama munaona muende kwa baba na mama bengine, muende. Sitakasirika. Nitalia, lakini ile ni yangu."

Benoît na Gertrude bakaangaliana. Philippe aliona vile banaogopa, kila moya anangoya mwenzake aseme, na aliyua ile woga, ilikuwa yake.

"Mama," Benoît alisema mwisho, "tunatoka inje kidogo. Siye wawili. Tutasikilizana."

"Na kila moya aseme yake," Alphonsine alimuambia. "Yake ya kweli."

Bakatoka. Miguu yabo ikasikilika mu couloir, halafu ku ngazi, halafu hapana. Kitunga ya ndizi ilibakia chini.

"Ungesema kivimbe," Philippe alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa muntu wa kuchoka tu.

"Ningesema kivimbe, kila juma ningesimama mbele ya Gertrude, na yeye angeangalia tumbo yangu." Alisukuma sahani ya uji. "Ile kazi shiiwezi. Shina nguvu."

Mama Kadidja alisema, "Bako chini ya ile muti ya mbele, naona kichwa ya mutoto. Bwana anasema. Sasa bibi anasema. Aa, bibi anasema mingi."

"Wacha kubachungulia, mama."

"Mi shichungulie. Naona tu."

Zamu alipita akiita saa ya bagonjwa inakaribia kuisha. Philippe alichukua kiti, akaiweka pale anaona mulango na bibi yake vilevile. Alphonsine alivuta kitambaa mpaka ku kidevu.

"Philippe. Ukiona banarudia, uniamshe."

"Nitakuamsha."

"Kama habarudie, uniache nilale."